Sikukifuta

Jumanne, Kiptere

Sikukifuta, na sitakifuta. Rono, msimamizi wetu wa ofisi hapa kiwandani, alinikuta saa ya chakula akakiona kwenye kompyuta: chombo changu cha kusafiri kati ya nyota. Ni miezi saba nakichora, dirisha moja moja.

"Mama Chela, hii ni nini?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka makarani wakageuka. "Mama mzima! Futa hiyo kitu sasa hivi."

Nikamwambia saa ya chakula ni yangu, na kazi ya ofisi sijawahi kuichelewesha. Kama anataka kifutwe, akifute mwenyewe. Akanyoosha mkono, halafu akasita. "Hii mlango inafunguka?" Nikabonyeza kitufe, ukafunguka kwenye skrini, akaona ngazi inavyoshuka. Akainama kuitazama.

"Kesho nisiione," akasema, akaenda.

Naogopa kufutwa kazi, sitajidanganya. Kwetu ni mimi tu mwenye mshahara, na Rono ni mtu wa kinyongo.

Lakini nimekinakili kwenye disketi tatu. Kesho saa saba nitakaa pale pale, mbele ya macho yake, nichore chumba cha nahodha. Nahodha atakuwa mwanamke.