Tonton Anangoja Wazungu Waongeze Bei

Butembo, Jumatano, mwezi wa nne. Mvua imenyesha tangu alfajiri, sasa imebaki baridi na matope. Nimechoka kuliko siku ya mtihani.

Mpaka leo mchana sikuwa nimemwambia mtu yeyote jambo hili: kila mara Ya Masika alipofungua barua pepe kutoka chuo kikuu fulani, mimi nilikuwa naomba moyoni iwe imesema hapana.

Siyo kwa ubaya. Nilitaka tu abaki.

Ya Masika ni dada yangu mkubwa. Anafundisha kama msaidizi katika kitivo cha uchumi hapa mjini, na tangu mwaka jana anatafuta mahali pa kusomea udaktari. Udaktari wa vitabu, siyo wa sindano. Naona ni lazima nieleze, kwa sababu hata Mama huwaambia jirani zetu wa zamani wa Mangina kwamba Masika atarudi kutibu watu, na tumechoka kumsahihisha.

Tunalala chumba kimoja, kitanda kimoja, kwa hiyo maombi hayo yamekuwa yangu pia. Nimesoma barua yake ya kujieleza mara nyingi mpaka naijua kwa kichwa. Nimemwona akiiandika upya kwa Kampala, akaibadilisha kwa Dar es Salaam, akaifupisha kwa Ubelgiji, akairefusha kwa vyuo vingine ambavyo havikujibu hata neno. Nimemwona akimfuata profesa wake mpaka kanisani ili amkumbushe barua ya kumpendekeza. Siku ya mahojiano na Wabelgiji mtandao ulikatika, ikabidi tupande kwenye ghorofa ya jirani ambayo haijaezekwa. Mimi nikamshikia mwavuli huku yeye akieleza uchumi kwa sauti kubwa kama mtu anayeita mbuzi.

Anachotaka kuchunguza ni kidogo, na ni chetu. Barabara ya Beni ikifungwa, ni nani hasa anayeumia sokoni? Siku nyingi za Jumamosi tumezunguka pamoja kwa akina mama wauza unga. Yeye anauliza, mimi naandika, kwa sababu mimi kuuliza siwezi. Aligundua kwamba barabara ikifungwa, mama muuza unga hapandishi bei haraka. Anapunguza kile kilima kinachosimama juu ya kopo. Bei ni ileile, kopo ni lilelile, lakini kilima hakipo. Profesa mmoja wa Ubelgiji alimwambia kwamba jambo hilo peke yake linatosha kuanzia, na kwamba Ya Masika angerudi hapa kulifuatilia.

Ndipo majibu yakaja, na matatu yalikuwa ndiyo.

Kampala walimkubali bila ufadhili. Dar es Salaam walimkubali na ufadhili wa mwaka wa kwanza, mengine yangejulikana mbele ya safari. Ubelgiji walimkubali na ufadhili mpaka mwisho, na yule profesa wa kilima cha unga ndiye atakayemsimamia. Hata mimi niliyekuwa naomba hapana niliona kwamba hapo hapakuwa na la kufikiria sana. Jibu linatakiwa kabla ya kesho, Alhamisi, kwisha.

Lakini kwetu mtu hajibu jambo kubwa peke yake. Anajibu yule aliyemlea. Baba alipofariki na tukaacha shamba letu la kakao kule Mangina, Tonton Paluku, kaka yake Mama, alikuja mwenyewe kutuchukua Beni, katika majuma ambayo madereva walikuwa wanaikataa barabara ile. Amelipa shule ya Ya Masika tangu hapo. Kwa hiyo Jumamosi iliyopita Ya Masika alivaa kitenge kizuri, akampelekea habari sebuleni kwake, Mama akiwa pembeni na mimi nikiwa nyuma ya Mama.

Tonton ni mfanyabiashara. Analeta vipuri vya pikipiki kutoka China. Alisikiliza mpaka mwisho, akafurahi, akamshukuru Mungu. Kisha akasema:

"Masika, mutoto wangu, hapana kujibu."

"Tonton?"

"Sikiliza vizuri. Hii ni bei ya kwanza. Kule Guangzhou, mutu akikutajia bei ya kwanza, unacheka kidogo, unabeba mufuko yako, unatoka. Mimi nilishuka ngazi mpaka chini. Bakanikimbilia! Mukubwa wao mwenyewe, na kandambili ku miguu, 'rafiki, rafiki!'"

"Mais Tonton, hii haiko duka. Banasema nisipojibu mpaka Alhamisi, nafasi bataipatia mwengine."

"Bote banasema vile! Hata Guangzhou balisema kuko mutu wa Lubumbashi anakuya kubeba mali yote. Ule mutu wa Lubumbashi, mpaka leo sijamuona."

Tulicheka wote, hata Mama. Ya Masika naye alicheka, na kicheko chake ndicho kilichonitia baridi, kwa sababu namjua. Ndivyo anavyocheka akishindwa.

"Ukisema ndiyo mbio-mbio, batajua uko na njaa," Tonton akaendelea. "Banyamazie kidogo. Bataongeza tiketi, bataongeza nyumba. Tena ubaambie Kampala nako banakutaka. Utaona."

Mtu wa nje atashangaa kwamba mwalimu wa uchumi alinyamaza mbele ya maneno hayo. Lakini katika mji huu anayekubali bei ya kwanza huonekana mjinga, na watoto hufundishwa hivyo hata wakitumwa kununua nyanya. Tonton hakuwa anamzuia. Alikuwa anampigania kwa njia anayoijua, na njia hiyo ndiyo iliyotusomesha.

Nilimuuliza Ya Masika chumbani kwa nini hakumweleza tena.

"Nimueleze nini? Ule mutu alikuya kutuchukua Beni. Nimuruke leo kwa ajili ya Bazungu?" Akageukia ukutani. "Kavira, nimechoka. Acha ipite."

Acha ipite.

Naandika ukweli: nilifurahi. Jumapili misa nzima nilikuwa mwepesi. Sikuwa nimefanya lolote baya, nilikuwa nimekaa kimya tu, na kukaa kimya ndiyo kazi yangu ya kila siku. Alhamisi ingepita na nafasi ingekwenda kwa mwingine. Ya Masika angeendelea kunisahihishia insha na kunikanyaga kwa miguu yake ya baridi. Lawama ingemfikia nani? Siyo mimi.

Kisha jana tulipita sokoni kununua unga.

Tulifika kwa yule mama tunayemfahamu, mwenye kofia ya sufu, ambaye humtania Ya Masika kila mara. Akamwita, "Mwalimu, leo uulize basi, nimejitayarisha!" Ya Masika akatabasamu, akapokea unga, akaondoka. Hakuuliza bei za Beni. Hakuangalia kopo. Alitazama chini mpaka nyumbani, kama mtu anayepita mbele ya nyumba aliyohamishwa.

Nilikuwa nimetaka abaki. Huyu aliyebaki hakuwa yeye.

Leo baada ya shule sikuelekea nyumbani. Nilikwenda kwenye depo ya Tonton, anakouzia vipuri vyake, na sare yangu, na viatu vimejaa matope. Nilipita mlango bila kuingia, nikaenda mpaka mwisho wa barabara, nikarudi, nikapita tena. Motari mmoja, dereva wa pikipiki aliyekuwa anangoja abiria, akaniambia, "Kadada, uko nauza barabara?" Aibu ikanisukuma ndani.

Tonton alikuwa nyuma ya meza, amezungukwa na minyororo ya pikipiki inayoning'inia kama pazia.

"Kavira! Bamekufukuza ku masomo?"

"Hapana, Tonton."

"Basi nani amekufa?"

"Hakuna mutu, Tonton."

"Haya njoo ukae, unanitisha."

Nilikuwa nimetayarisha maneno ya heshima njiani na yote yakapotea. Ninachokijua ni kwamba Tonton na wafanyabiashara wenzake hujaza kontena moja kwa pamoja kule China, kila mtu na sehemu yake, na nyumbani huzungumzia jambo hilo mpaka chakula kinapoa. Nikashika hapo.

"Tonton, kontena yenu ikikuwa karibu kujaa, na mutu anakawia kuleta mali yake, munamungoja?"

"Kumungoja na nini? Meli haiko ya mama yake." Akacheka. "Kulikuwa mwenye vitenge hapa, nafasi yake iko pale, yeye anabishana, anasema bamupunguzie. Tulijaza na matairi ya mwengine. Alilia kama mutoto."

"Hamukumuita tena?"

"Kumuita kufanya nini? Nafasi ilikuwa imekwisha."

Hapo nikasema lililonileta.

"Tonton, Ya Masika hanunui kitu kwa Babeleji. Yeye anatafuta nafasi ndani ya kontena. Nyuma yake kuko mutu na matairi yake, ameisha kufika. Hakuna mwenye atamukimbilia ku ngazi."

Tonton alichukua plagi moja ya pikipiki mezani, akaigeuza, akaifuta kwa kidole ijapokuwa ilikuwa mpya. Nilidhani nimemkosea heshima. Nikaanza kuinuka.

"Kaa. Nani amekutuma? Masika?"

"Hapana. Hajui."

"Mama yako?"

"Hapana, Tonton."

"Donc uko na kinywa," akasema, polepole, kama mtu aliyekuta kitu ndani ya mfuko wa koti la zamani. "Miaka yote hii. Na weye, Kavira, unataka aende?"

Ningeweza kusema ndiyo. Lingekuwa jibu la adabu, lenye faida kwa kila mtu. Lakini nilikuwa nimetumia nguvu zangu zote kwenye lile la kontena, na uongo pia unataka nguvu.

"Hapana, Tonton. Mimi sitaki. Lakini ajibu."

Akachukua simu, akatoka barazani kwa sababu ndani mtandao hushika vibaya. Nilisikia upande wake tu.

"Masika. Jibu bale batu. ... Ndiyo, leo. ... Hapana, sijakasirika, nani amekuambia nimekasirika? ... Jibu, nasema! ... Mais ile tiketi uulize tu. Kuuliza hakuui mutu."

Alirudi, akaketi. Alitaka kuniitia pikipiki ya kunipeleka nyumbani. Nikasema nitatembea. Akasema basi nisikanyage madimbwi, na akarudia hesabu zake. Nilipofika mlangoni akaniita tena jina langu, akasita, akasema, "Enda."

Nilitembea polepole. Sikujisikia shujaa. Nilijisikia kama nimebeba ndoo ya maji kutoka bondeni na sasa natakiwa kuitua, lakini mikono haifunguki. Nilifikiria miaka ya kulala kitanda kizima peke yangu. Nilifikiria kwamba nimezungumza na Tonton mara moja tu katika maisha yangu, na katika mara hiyo moja nimemtoa dada yangu nyumbani.

Je, mtu anaweza kufanya jambo sahihi na asifurahi hata kidogo? Nauliza kweli. Kama kuna msomaji anayejua, aniambie.

Nilimkuta Ya Masika amelala kitandani, kompyuta imefunguka pembeni yake, viatu bado viko miguuni. Mwaka mzima wa kungoja ulikuwa umemwangusha mara moja. Nilisoma alichotuma. Aliwaambia Wabelgiji kwamba anakubali nafasi na anashukuru. Chini kabisa, kwa adabu kubwa, alikuwa ameuliza kama kuna msaada wowote wa tiketi. Kampala na Dar es Salaam alikuwa amewaandikia pia, kuwaambia wampe mwingine.

Sikumwamsha. Nilifunga kompyuta ili betri isiishe, nikamvua viatu, nikamfunika blanketi mpaka mabegani. Kisha nikaenda jikoni, nikawasha mbabula ya makaa, nikaweka maharage motoni. Zamu ya kupika ilikuwa yake.