Jumapili Disko Ilipoingia Ukumbini

Mjukuu wangu Nafula,

Nakusalimu kutoka Molo. Viazi tumevuna, na mama yako Nekesa amepona kifua. Mimi nazoea polepole kupika chai ya mtu mmoja.

Umeniuliza neno disko lilitoka wapi. Nililisikia mara ya kwanza Jumapili moja mchana, katika ukumbi wa Nakuru ambako marehemu babu yako alikuwa akipiga gitaa na bendi. Tulipofika tulikuta mashine mbili za santuri jukwaani, mahali pa bendi.

"Kuanzia leo hapa ni disko," mwenye ukumbi akasema.

"Disko ndiyo nini, boss?" babu yako akauliza.

"Neno la Kifaransa. Zamani lilikuwa mahali pa kuweka santuri, kama maktaba na vitabu. Sasa ni mahali watu wanazicheza na kudensi. Na santuri, mzee, hazichelewi wala haziitishi chai."

Kazi ikaisha hivyo, nayo ndiyo iliyokuwa ikitulisha. Nilidhani tungerudi nyumbani. Lakini babu yako aliegemeza gitaa ukutani, akanijia. Tangu harusi yetu nilikuwa namtazama kutoka kwenye viti, kwa kuwa mpiga gitaa hachezi na mkewe.

"Mama Nekesa, leo sina kazi," akasema. "Simama."

Kazi nyingine alikuja kuipata, ya kupakia malori. Siku hiyo alinikanyaga vidole, akaomba radhi, akanikanyaga tena, na tukacheza mpaka ukumbi ukafungwa.

Ni mimi nyanya yako, nikikuombea masomo mema.