Bima ya Karanga

Acocks Green, Birmingham

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Mama nampa shikamoo yake peke yake, asije akasema nimemsalimia kupitia mgongo wako. Goti lako linaendeleaje? Uliniambia linakaza ukitaka kuinuka kutoka kwenye sijda, na tangu siku hiyo kila nikisali nalikumbuka. Macho ya Mama je, anatumia yale matone, au ameyafungia kabatini pamoja na yale manukato anayoyaweka kwa ajili ya wageni? Machungwa mmekwisha kuvuna? Mimi ni mzima wa mwili. Baridi imeanza, ile ya mvua isiyonyesha vizuri wala kukatika. Kazini bado nipo kwenye kipindi cha majaribio. Naandika oda za vipuri vya magari, naangalia kila namba mara mbili, kisha narudi tena kuiangalia nikiwa nimekwisha kuvaa koti la kuondokea. Msimamizi hajanisema vibaya. Hajanisema vizuri pia, na hilo ndilo linaloninyima raha.

Barua hii anakuletea Bi Zuhura wa Lozells, yule anayeuza vitenge, pamoja na viatu vya Mama. Nimeibandika kwa gundi. Ningeweza kukuandikia kwenye simu, lakini simu yako inasomwa na nyumba nzima, na kundi la familia linasomwa mpaka na majirani. Haya ni ya macho yako tu. Naogopa kuyasema, Baba. Nimeanza barua hii na kuichana hata nikaona aibu kwa karatasi nilizoharibu. Nakuomba usinikasirikie kabla hujafika mwisho.

Ni habari ya Baba Mdogo Salimu na mbwa wake.

Najua hapo umekunja uso. Hata mimi nilipohamia hapa kwake na kukuta mbwa mzee amelala jikoni, nilikunja uso. Huyu mbwa alikuwa wa Mama Mdogo Jeni, Mungu amweke pema. Ndiye aliyemlea tangu akiwa mdogo kama paka, akamwomba mumewe neno la Kiswahili la rangi ile ya kahawia, akaambiwa "karanga", basi akawa Karanga. Sasa mdomo umeota mvi na nyonga ya nyuma ni mbovu. Huko juu tunakosali hapandi. Baba Mdogo akitaka kumshika huvaa kwanza koti la mvua la marehemu mkewe, lile la kijani, ili nguo zake zibaki safi kwa sala, kisha anakwenda kunawa kama inavyotakiwa. Sijawahi kumwona akiacha kunawa. Nakuambia hili kwa sababu najua yanayosemwa barazani.

Mama Mdogo ndiye aliyemkatia bima. Kila mwezi benki inakata, na mbwa akiugua, wenye bima wanamlipa daktari wa wanyama sehemu kubwa. Mwaka huu imepanda sana kwa sababu Karanga amezeeka. Baba Mdogo amestaafu, na kweli alikuwa hajui aendelee au aache. Alikuwa akiuliza kila mtu, hata mwenye duka la nyama. Sasa haulizi tena, na sababu unaijua.

Unakumbuka siku ya kuamkia harusi ya ndugu yangu Hamisi. Mlitupigia simu ya video mkiwa mmejaa barazani. Mimi nilishika simu, na Baba Mdogo alikaa pembeni yangu amevaa kofia mpya ya kiua aliyoinunua kwa ajili hiyo tu, mumwone nayo. Ukaweka spika ili watu wote wasikie. Zikaja salamu, kisha likaja suala la mchango wa ukumbi. Akasema, kwa upole, "Safari hii nimebanwa kidogo, kaka. Hata bima ya mbwa imepanda."

Nikasikia kicheko.

"Bima ya nani?"

"Ya mbwa, hujasikia?"

"Kwa hiyo anakwenda hospitali na kadi shingoni!"

Ndipo Shangazi Mwanahawa akabweka. "Hau! Hau! Daktari, mimi sindano siitaki, niandikie vidonge!" Nilimwona kwenye kioo, amekunja mikono kifuani kama makucha, na watoto wamemzunguka wanabweka pamoja naye. Kisha wewe ukaisogeza simu usoni ukasema, "Salimu, huku watu wanarudishwa mlangoni mwa hospitali kwa kukosa kadi ya bima, wewe unamkatia bima mbwa? Iache hiyo bima. Mimi kaka yako nimesema." Wanawake wakapiga vigelegele.

Baba Mdogo naye alicheka. Alisema, "Haya, kaka."

Simu ilipokatika akavua kofia, akaikunja, akaiweka juu ya meza. Akaniambia, "Wewe ndiye karani. Wapigie wale watu, waambie mwisho wa mwezi tunaacha."

Nikamwambia, "Baba Mdogo, Baba alikuwa anatania mbele ya watu."

"Kaka akisema 'mimi kaka yako' hatanii. Hajawahi kutania hapo tangu nikiwa navaa kaptula."

Baba, sisemi kwamba huna haki. Namjua Mama alivyosubiri yale matone. Namkumbuka Bibi kwenye benchi la kituo cha afya. Nilipojua mara ya kwanza kuwa mbwa huyu ana bima, nilipanda chumbani nikalia kwa hasira, na nilimchukia mnyama wa watu aliyekuwa hajanikosea kitu. Kwa hiyo hasira yako naijua, nimekuwa nayo. Lakini nisikilize.

Niliwapigia wakati wa mapumziko ya mchana, nimesimama kwenye ngazi za ofisi. Wewe unajua simu inavyonitisha. Akapokea mwanamke, na kitu cha kwanza alichouliza ni Karanga anaendeleaje na ile nyonga. Alimtaja kwa jina. Nikamkumbuka Mama Mdogo. Siku aliyofariki, mtu wa kwanza kutoka nyumbani kumpigia Baba Mdogo alimuuliza nyumba imeandikwa jina la nani. Alikuwa Shangazi. Baba Mdogo alimjibu kwa adabu, kisha akakaa pale kwenye kiti cha jikoni mpaka chai yake ikafanya utando.

Yule mwanamke akanieleza polepole. Naweza kuacha wakati wowote, hakuna anayenizuia. Lakini bima hii inalipia nyonga kwa sababu ilikatwa kabla nyonga haijaharibika. Tukiacha hata kwa muda mfupi, hakuna kampuni nyingine itakayokubali kuulipia ugonjwa ambao mbwa anao tayari, na wao wenyewe hawatampokea kama alivyokuwa. Ukitoka, hurudi. Nikamwambia nitapiga tena.

Jioni nikamweleza Baba Mdogo. Alikuwa anamenya viazi, na kisu kikasimama.

"Ukitoka hurudi," akasema. "Mama alipokufa mimi niliambiwa hivyo hivyo. Karatasi zangu za ukaazi zilikuwa mikononi mwa watu wa uhamiaji. Ningepanda ndege kuja kumzika, mlango ungefungwa nyuma yangu, na Jeni yuko ndani."

"Kwa nini hukumwambia Baba?"

"Nilimwambia. Akasema mtu anayetaka kuja huja."

Akaendelea kumenya. Hakuyasema kwa uchungu, Baba. Uchungu ni wangu, kwa sababu nimekua nikisikia nyumbani kwamba Salimu alimtupa mama yake, na wewe ulikuwa unajua.

Nimeliandika hilo. Nisamehe, lakini silifuti.

Nikamwambia bima nitailipa mimi. Akatikisa kichwa. "Si pesa, Rukia. Kaka aliacha shule ili mimi nisome. Hajawahi kuniomba kitu kwa ajili yake. Akisema jambo moja, mimi nimkatalie kwa ajili ya mbwa?"

Nikatoka nje kutupa taka, nikamkuta jirani yetu Achieng, Mkenya anayehudumia wazee, anarudi kutoka kazini. Nikamwaga yote pale pale kwenye mapipa.

"Ati babako amesema?" akauliza. "Babako yuko wapi?"

"Muheza."

"Na hiyo nyonga ikikatika usiku, atatoka Muheza kuja kubeba mbwa?" Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Skiza, mimi wazee wa watu nimewaona. Mama wa watu akishaenda, mzee hubaki na kitu kimoja tu cha kumuamsha asubuhi. Wengine ni redio. Huyu wenu ni mbwa. Ukimtoa, utaniita nikuje kumhudumia babako mdogo, na mimi si bei rahisi, mami."

Sikulala vizuri. Kesho yake nikarudi kwenye zile ngazi, nikapiga, na nikasema tunaendelea. Nikatoa namba ya kadi yangu. Jioni Baba Mdogo akauliza, "Umewapigia?" Nikasema nimewapigia. Ilikuwa kweli. Hakuniuliza nilisema nini, nami nikanyamaza, kwa sababu angejua kwamba nimevunja neno lako ndani ya nyumba yake, angenishurutisha nipige tena mbele yake.

Basi anaamini imekwisha. Na laiti ungemwona. Anamshika yule mbwa kama yai. Ametandika mikeka jikoni kote asiteleze. Zamani walizunguka bustani nzima ya hapa jirani, mpaka kwenye benchi alilokuwa akikaa Mama Mdogo; sasa wanafika kwenye geti na kurudi, kwa sababu majani yaliyoanguka yana utelezi. Asubuhi anavaa lile koti la kijani, anambeba kumshusha vidato vya mlango wa nyuma, mbwa mzito, mzee mwenye mgongo wake, kwenye mvua, kisha anambeba kumrudisha ndani. Juzi Karanga aliruka kumlaki mtu wa posta, na Baba Mdogo akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mwanamume. Halafu akaniambia, anajaribu kutabasamu, "Akivunjika sasa, tumekwisha."

Nataka kumwambia, "Baba Mdogo, yupo kwenye bima, mwache aruke." Kila siku neno linafika hapa kooni. Lakini nikilisema atakutii wewe, si mimi. Ataifuta, na kwa mbwa huyu kufuta ni mara moja.

Ndiyo maana nakuandikia. Neno lilitoka kwako na hakuna mwingine anayeweza kulitengua. Mimi ni mtoto, Achieng ni jirani, na yule mwanamke wa bima anasoma anachokiona mbele yake. Mpigie. Huna haja ya kumwomba radhi, najua si desturi kwa mkubwa. Mwambie tu amlipie mbwa wake. Na kama utaweza, muulize Jeni alizikwa wapi. Hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kumuuliza.

Mpaka utakapompigia, bima nitailipa mimi, nami nimefikiri sana nitaitoa wapi. Chumba hanitozi. Chakula nimekwisha kukipunguza, na nauli siwezi. Imebaki ile ninayowatumia nyumbani. Kwa hiyo, Baba, fedha za mwezi huu zitafika pungufu, na watakaouliza kwa nini, waambie unamlipia mbwa wa Salimu. Sisemi kwa kejeli. Naogopa sana kuandika maneno haya, na nimeyasoma mara nyingi nikitafuta njia ya kuyapunguza makali, sikuiona.

Mbusu Mama mikono, na umwambie viatu ni vya kuvaa, si vya kabatini. Hamisi na mkewe nawatakia maelewano. Msalimie mwalimu wangu wa madrasa, na jirani yetu wa kisimani. Msalimie na Shangazi Mwanahawa, umwambie tulimsikia vizuri sana, sauti ilifika mpaka jikoni kwa Karanga, naye akainua kichwa.

Baba Mdogo hajui kama naandika, kwa hiyo salamu zake sina. Simu yake huiweka juu ya meza baada ya alasiri, karibu na ile kofia, na hutazama kila ikilia. Mpigie saa hizo.

Na Baba, tafadhali, siku hiyo usiweke spika.

Ni mimi mwanao, ninayekuheshimu na kukuogopa,

Rukia