Kijani cha Uongo

Makorora, Tanga
Jumapili, baada ya ibada

Kwako dada Dorkasi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti la shemeji Alexander limepata nafuu, na mvua imewaachia mahindi kidogo hapo Maramba. Mimi mwili hauna ugonjwa, ila roho inanichefuka, na dawa yake sijui inauzwa duka gani.

Utashangaa kuona kalamu badala ya simu. Kwenye simu ningekatisha maneno katikati. Tena kioo chochote kinachowaka sasa kinanitia kinyaa.

Unaikumbuka programu niliyoitengenezea zahanati ya Mzee Zubeiri, ya kuandikisha watoto wa chanjo? Uliisifia mpaka kwaya nzima ikajua. Sikuiandika yote mwenyewe. Sisi watu wa kompyuta tuna maktaba, yaani kazi walizokwisha kuziandika wenzetu, nasi tunaazima. Niliazima ile ya kuweka majina kwenye faili. Yenyewe huandika nyuma ya pazia huku mtu akiendelea na shughuli zake, na aliyeitunga ameonya waziwazi: subiri jibu kabla hujasema kazi imekwisha. Ni kama nyumbani kwetu, unapiga hodi, unangoja kuitikiwa "karibu", ndipo unaingia.

Mwanzoni nilisubiri. Mzee Zubeiri akaja, akaona kioo kinasitasita, akasema programu yangu ina miguu ya kobe. Nikaona haya, nikafuta mstari wa kusubiri. Tangu hapo ukibonyeza tu, alama ya kijani inatokea kwenye kioo na neno "Imehifadhiwa", jina lenyewe likiwa bado njiani. Mzee akafurahi, akaniita kwake kula pilau. Nikilikumbuka lile pilau natamani kutapika.

Sasa binti yako Brightness, aliyekuwa akiwaandikisha watoto hao, ni mwepesi wa kazi, hilo unalijua. Jioni akiona kijani cha mtoto wa mwisho, anazima kompyuta hapohapo, anashika fagio. Majina ya mwisho yakawa yanabaki nje ya mlango. Mwezi mzima, watoto sitini na mmoja! Mama mmoja wa hapa mtaani, Mwanamkasi, aliambiwa mbele ya watu kwamba mwanawe hajawahi kuchanjwa. Akatoa kadi, mwandiko wa Brightness upo na tarehe ipo. Asheri, msimamizi wao, akasema binti anajaza kadi tu, kwenye kompyuta anaona uvivu, kutwa yuko na simu yake. Kisha wakaniita mimi, mtaalamu, wakaniuliza kama mashine inaweza kukosea. Nikajibu kwamba haikosei. Wakamfukuza siku ileile, akarudi kwako.

Dada, usiseme sikujua. Nilijua. Juma moja kabla ya kikao kile niliijaribu mwenyewe, nikaandika jina, nikazima upesi, nikawasha, jina halipo. Nikanyamaza, maana Mzee alikuwa ameniahidi kuipeleka na kwenye zahanati yake ya Kigombe. Halafu jioni, kwa ulimi huuhuu ninaoimbia zaburi, nikakupigia nikakwambia mwanao mzembe, usimpeleke chuo cha uuguzi, atatuulia watu. Ukanisikiliza kwa kuwa mimi ni mjomba wake. Nimejikinai, dada. Hata jina langu likitajwa nasikia uvundo.

Jana nilimweleza Mzee Zubeiri yote, Asheri akiwepo. Mstari nimeurudisha, na Kigombe nimeikosa. Hayo ni madogo. Tafadhali msomee Brightness barua hii neno kwa neno, usinipunguzie. Fomu za chuo zinafungwa mwisho wa mwezi, mwache aende.

Jumamosi nakuja. Nitapiga hodi mlangoni kwako, na nakuomba wewe na shemeji msiitikie kwa ajili ya undugu. Aitikie yeye. Asipoitikia, nitangoja nje.

Nisalimie shemeji, na mama mchungaji, na wote wanaoniuliza, kama baada ya leo watakuwapo. Barua anakuletea mwinjilisti Abrahamu mkononi.

Ni mimi mdogo wako,
Nehemia