Dada Akinawa, Wote Wamenawa

Kijiji cha Ujamaa Tupendane,
Kata ya Ulaya,
S.L.P. 36,
Kilosa.

13 Julai, 1975

Mpendwa mdogo wangu Nikolaus,

Marahaba. Naitikia kabla hujaniamkia, maana najua ungekuwa mbele yangu hapa ungeanza na shikamoo dada, hata kama umenikasirikia. Hujambo lakini? Wifi yangu Sesilia hajambo? Na wanao, ambao nawajua kwa majina na kwa ile picha moja uliyomtumia mama, wanaendeleaje na masomo? Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Shemeji yako Beda alishikwa na mafua wiki nzima, akaugua kwa kelele kama kawaida yake. Sasa amepona na nyumba imetulia.

Mama ni mzima. Miguu ndiyo inayomsumbua, na jicho la kushoto limeingia ukungu. Ila masikio yake usiyaseme, anasikia hata yale usiyotaka ayasikie. Treni ikipiga honi stesheni anauliza nani ameshuka. Namjibu hakuna, ni watu waendao Kidatu tu. Kesho yake anauliza tena.

Nikolaus, nisikuzungushe. Naandika kwa sababu nataka uje nyumbani, na najua kwamba anayekuzuia ni mimi. Imetimia miaka kumi na miwili. Barua zako unamwandikia mama, na msomaji wake ni mimi. Nasoma salamu za kila mtu mpaka za jirani mwenye mbuzi, halafu mwishoni kabisa ndipo nakuta jina langu, peke yake, bila neno lolote la ziada. Sikulaumu. Nivumilie tu nikueleze lililonipata mwaka huu, kisha utaamua mwenyewe.

Tulihamia hapa kijijini Septemba iliyopita. Kutoka nyumba ya marehemu baba tulibeba milango, vyungu na jiwe la kusagia la mama, ambalo Beda alilibeba huku akilaani kila kilima. Mvua zilikuwa zimekataa, basi tukawa tunakula unga wa njano wa msaada. Wenyewe unauzoea, ila harufu yake huizoei. Siku za shamba la kijiji tunapika pamoja, akina mama kwa zamu, na kila mtu anapakuliwa sawa na mwenzake, awe mwenyekiti au mtoto. Nilikuwa naipenda zamu ya kupakua. Nilijisifu kuwa mkono wangu haukosei, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba nimempunja.

Sasa nikujulishe kwa Domina, binti yangu wa pili. Hujamwona tangu azaliwe, naye anakaribia miaka kumi. Ukimwona utacheka, maana amechukua miguu yako mirefu na ile tabia yako ya kusimama kwa mguu mmoja kama korongo. Tena amechukua jambo lingine. Anakula chakula chake chote, anashukuru, anaosha sahani, na kabla sahani haijakauka ameanza kutafuta kitu cha kutafuna. Atakula papai bichi, atakwangua sufuria, atatafuna bua la mtama mpaka midomo ikatike. Dada yake Paulina amelala usingizi wa shibe, yeye anazunguka jikoni.

Wanawake wa zamu yetu wakaanza maneno. Mmoja akasema ni minyoo, mwingine akasema mtoto ameingiliwa na kitu. Mimi nilisikia aibu, Nikolaus, wala sitakuficha. Mwezi wa nne, siku ya palizi, Domina alirudi kwenye sufuria langu na sahani tupu mbele ya watu wote. Nami nikapaza sauti nikamwambia, "Tumbo lako halina adabu!" Watu wakacheka. Mtoto akaiweka sahani chini taratibu, akaenda zake nyumbani. Jioni hakula. Asubuhi hakula.

Mama alikuwa ameketi mlangoni anachambua kunde. Habari alikwisha kuisikia. Hakunitazama, akasema, "Maneno hayo umeyasema mara ya pili, Hilda. Ya kwanza yalinichukulia mwanangu."

Ya kwanza unayakumbuka kuliko mimi. Ilikuwa arusi yangu, wakwe wamejaa uani, wageni wamekwisha kula. Nikakukuta nyuma ya nyumba unakwangua ukoko wa wali, kijana wa miaka kumi na tisa, umejificha. Ningeweza kupita. Badala yake nilikuita kwa sauti, nikawaambia wakwe wamtazame shemeji yao waliyepewa, tumbo lake halina adabu. Nilitaka kuonekana mcheshi, bibi arusi mwenye maneno. Wakacheka sana, na wewe ukacheka pia, jambo ambalo lilinidanganya mpaka leo. Wiki iliyofuata ukaandikishwa kwenye kazi ya reli ya Kidatu. Tangu hapo tunakufuatilia kwa mihuri ya posta, Kidatu, Dodoma, sasa Tabora.

Nilivyosikia kauli ya mama nilikasirika kwanza, ndivyo nilivyo, unanijua. Nikasema basi nimpeleke mtoto hospitali ijulikane ni nini. Zahanati yetu bado ni kuta bila paa, kwa hiyo tukapanda treni mimi na Domina mpaka Mikumi. Safari nzima alinipa kisogo. Alitazama nje, na karibu na Mikumi twiga watatu walikuwa wanakula majani bila haraka, ndipo akasema, "Hao hakuna anayewahesabia." Nilijifanya nafunga kitambaa.

Mganga wa huko anaitwa Lupakisyo, mtu wa Tukuyu, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alimpima choo, damu na uzito. Minyoo hakuna. Ugonjwa anaoweza kuuona yeye hakuna. Akaniuliza katika ukoo wetu nani mwingine anakula hivi. Nikacheka nikasema, mjomba wake. Akauliza kama mjomba huyo ni mgonjwa, au mvivu, au mwizi. Nikasema hapana, ni mfanyakazi wa reli na hajawahi kuchukua kitu cha mtu. Akaniuliza, "Sasa mama, unacheka nini?"

Akanieleza kwa maneno ambayo hata mimi wa darasa la nne niliyaelewa. Chakula kikishuka, tumbo hupeleka habari kichwani kwamba sasa yatosha. Kwa mtu mmoja habari hiyo hufika kabla hajamaliza kumega. Kwa mwingine huchelewa, na ikifika haikai, mara njaa imerudi. Watu huzaliwa hivyo, kama wanavyozaliwa warefu au wafupi, na mara nyingi jambo hili hutembea katika damu ya ukoo, likamwacha huyu likamshika yule, hata ndugu wa tumbo moja wakatofautiana. Namna hasa linavyopita kutoka kwa mzazi, alisema, wataalamu wenyewe bado wanatafuta, naye hawezi kunidanganya. Dawa ya kuliondoa hana. Akasema nimpikie maharage mara kwa mara, maana hukaa tumboni kuliko uji, na ale polepole. Kisha akaivua miwani yake akasema kwamba kumtukana hakumshibishi.

Nilirudi nikiwa na ubishi bado. Jumapili tulipotoka kanisani nikapika ugali mmoja na maharage, nikapakua sahani tatu sawasawa kwa mkono wangu ule usiokosea. Moja ya Paulina, moja ya Domina, moja yangu. Nikakaa kutazama. Paulina alimaliza akashiba, akaenda kucheza na hatukumwona mpaka jioni. Domina alimaliza, akakaa, na kuni zilikuwa hazijazimika mafigani alipoanza kuitazama sahani yangu. Hakuomba. Alikwisha kujifunza kutoomba. Na kwenye sahani yangu nusu ya ugali ilikuwa imebaki, nami nilikuwa nimeshiba kabisa, naona hata kuutazama ni kazi.

Hapo ndipo nilipozikumbuka sinia zetu za utotoni, mdogo wangu. Unaikumbuka sheria ya baba? Dada akinawa, wote wamenawa. Mkubwa akiinua mkono kwenye sinia, hakuna mdogo wa kuendelea kumega, ni utovu wa heshima. Na mkubwa nilikuwa mimi. Nilikuwa namega matonge matano, sita, halafu nanawa. Baba alinisifu mbele ya wageni, akisema tazameni mtoto wa kike mwenye adabu ya kula. Nawe ukaambiwa unawe, ugali bado unafuka moshi. Mara ngapi? Kila siku, miaka kumi. Sikukuonea kwa makusudi, lakini sikuwahi hata siku moja kukutazama usoni kabla ya kunawa.

Miaka yote hiyo nilidhani nina adabu. Kumbe nilikuwa nimeshiba tu.

Nililia pale pale jikoni, na Domina akashtuka akadhani amekosa tena. Nikamsogezea sahani. Alinitazama kwanza kama anayeogopa mtego, halafu akala. Nikaongea naye siku hiyo mambo ambayo mzazi hajazoea kumwambia mtoto, nikamwomba radhi. Akasema, "Haya mama," kwa kifupi tu, kama wewe. Sijui kama amenisamehe. Ila usiku huo aliniletea kigoda bila kuambiwa.

Mama nilipomsimulia aliyoyasema mganga, hakushangaa hata kidogo. Akasema baba yake, babu yetu wa Vidunda, alikuwa hivyo hivyo. Alipanda mlima na mahindi ya kuchoma yamefungwa kwenye pindo la shuka, na watu walimheshimu kwa sababu alilima mashamba mawili. Tena akaniambia jambo ambalo wewe unalijua siku zote na mimi nimelijua mwaka huu. Lile tonge lililokuwa linabaki kwenye kile chungu kidogo juu ya uchaga, limefunikwa kwa ungo, lile ambalo mimi nilikuwa nikimsingizia paka. Alikuwa anakuwekea wewe. Baba hakujua, mimi sikujua. Mlilifanya nyinyi wawili kimya kimya miaka yote, na mimi nikampiga paka wa watu bure.

Sasa analiweka kwa ajili ya Domina. Lakini siku moja moja linabaki lote mpaka asubuhi, kwa kuwa kunde zilimshibisha mtoto, na mama haruhusu litupwe. Anasema huenda treni ikaleta mtu.

Hapa kijijini mambo yamebadilika kidogo. Nilisimama kwenye mkutano wa akina mama, mimi ninayependa sana kusema wengine, nikasema kosa langu mwenyewe. Nikaomba kwamba katika chakula cha kazi, mtu akipakuliwa sawa na wenzake akabakiwa na njaa, kinachobaki sufuriani apewe bila kuulizwa ni wa nani na tumbo lake lina nini. Wengine walinuna. Mwamvua, mkewe Mathayo, jirani yetu wa nyumba ya tatu, alisema huo si usawa. Nikamwambia, yeye na mimi tukipewa viatu vya namba moja, vitatutosha sote? Akacheka, ikapita. Domina ndiye anayeongoza kwa palizi sasa, na nasikia fahari pale ambapo zamani nilisikia aibu.

Mvua za mwaka huu zimekuwa nzuri. Mahindi ni meupe, ya kwetu wenyewe, na ghala la kijiji lina harufu ya kawaida. Nakuambia haya usije ukadhani tunakuita kwenye njaa.

Mdogo wangu, nisamehe. Nisamehe kwa siku ya arusi, na nisamehe kwa zile siku nyingi ambazo hakuna aliyezikumbuka isipokuwa tumbo lako. Kama bado ni vigumu, basi njoo kwa ajili ya mama, mimi nitakaa pembeni. Lakini ningependa uje kwa ajili ya sisi wote. Likizo za reli mnapewa Desemba, nimeulizia stesheni, na mfanyakazi halipi nauli, kwa hiyo kisingizio hicho nimekwisha kukifuta.

Shemeji yako Beda anakusalimu sana. Paulina anakusalimu. Domina anakuamkia, shikamoo mjomba, na anauliza kama ni kweli unaweza kula mahindi manane ya kuchoma kwa kikao kimoja, kwa sababu yeye amefika saba. Baba mkubwa Wenceslaus aliyebaki Lumuma naye anakusalimu, sauti bado ni ile ile ya kuita ng'ambo ya mto. Nisalimie wifi Sesilia na watoto wote, uwabusu mmoja mmoja. Mungu awalinde huko ugenini, awatie nguvu, na mikono yenu ipate cha kushika.

Mama ameniambia nimalizie kwa maneno yake, kwamba usihangaike na zawadi, uje na njaa yako yote. Na ya kwangu ni haya. Siku utakayokuja tutakula sinia moja, wewe na mimi na Domina. Mimi ni mkubwa wako, lakini birika la maji ya kunawa nitalishika mimi, na sitalileta mpaka uliitishe.

Ndimi dada yako anayekupenda na kukungoja,

Hildegarda