Majani Matatu ya Baba Yetu

Mwera, Pangani
Jumapili ya tatu ya Kwaresima

Mama yangu mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristu, na shikamoo yako naitoa hukuhuku nikiwa nimepiga goti juu ya gunia, maana sakafu ya chumba chetu ni vumbi tupu na suruali hii ndiyo ya kanisani. Goti lako limepoa? Kile kikohozi cha kipupwe kimekuacha, au bado unakificha ili Veronika asikukataze kwenda shambani? Usinidanganye. Mimi nipo salama, nakula, nafanya kazi, na kwa mara ya kwanza tangu nije huku pwani, nalala vizuri.

Najua umeshtuka. Barua zangu zote za miaka miwili zimekufikia kwa mkono wa Mwalimu Yohani, katekista wetu, naye ndiye aliyekusomea. Hii nimeandika jina la Kaka Ponsiano juu ya bahasha, kwa makusudi, chini ya stempu ya Malkia. Kwa hiyo bila shaka anayesoma sasa ni yeye, uso ameukunja, nawe umeketi kwenye kigoda unajiuliza kulikoni. Kaka, shikamoo. Zamu yako itafika. Kwa sasa namwandikia Mama, wewe toa sauti tu. Nakuomba jambo moja: usiruke mstari. Nakujua, umeanza kuruka mistari tangu darasa la pili.

Mama, nataka kukusimulia juu ya mtu mmoja, Mzee Anselmu. Ni Mngoni wa Songea, amekata mkonge katika shamba hili miaka mingi kuliko mtu yeyote kambini. Ni mfupi, ana jicho moja bovu lililochomwa na mwiba wa mkonge, na akicheka hufunika mdomo kama msichana. Sijapata kuona mtu ninayemstahi kama yeye, baada ya Baba.

Kazi yetu ni hii. Kila asubuhi nyapara anakupa mstari wako wa mikonge. Unakata majani ya chini, unaondoa mwiba wa ncha, unayafunga tita, na kila tita lazima liwe na majani thelathini. Likipungua jani moja nyapara analikataa, na matita yako yasipotimia, siku haiandikwi kwenye kipande chako, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi. Umetoka jasho bure.

Sasa Mzee Anselmu hahesabu. Anasali. Jani moja, Salamu Maria moja. Mafungu matatu ya rozari yakiisha, Salamu Maria ni thelathini, na tita limetimia. Lakini unajua, Mama, kila fungu linaanza kwa Baba Yetu, na yeye Baba Yetu nayo huikatia jani lake. Kwa hiyo matita yake yote yana majani thelathini na matatu. Watu walikuwa wakimcheka. "Mzee, yule Mgiriki mwenye shamba atakujengea kanisa!" Yeye anafunika mdomo, anacheka nao.

Wasichokijua wageni ni kwamba Mgiriki hapati hata jani moja la ziada. Kabla nyapara hajaja kukagua, Mzee hupita kwenye matita yake, anachomoa yale matatu matatu, anayabeba begani mpaka kwa yeyote aliyepungukiwa. Mwenye homa, mwenye kidole kilichovimba, mgeni ambaye mikono yake haijazoea. Anayaita majani ya Baba Yetu. Anasema, "Tunaomba mkate wetu, hatuombi mkate wangu. Sasa nitayaficha vipi?" Juma langu la kwanza hapa, viganja vimechubuka na macho yamevimba kwa utomvu, ni majani hayo yaliyoniokoa. Nililia, Mama. Nilimwambia ni utomvu.

Basi nikajifunza kusali kama yeye. Mkono unazoea, mdomo unazoea, jua linapanda hulioni. Nikajiona nami ni mtakatifu kidogo. Siku moja Mzee akaja kwenye mstari wangu, kitambaa begani.

"Fabiani, nipe majani yako ya Baba Yetu. Kuna Mrundi mwenzetu kule mwisho, anatetemeka, hawezi kumaliza."

Nikatazama matita yangu. "Sina, Mzee."

"Huna vipi? Husali siku hizi?"

"Nasali."

Akainama, akahesabu tita moja. Thelathini. Akahesabu la pili. Thelathini kamili. Akanitazama kwa lile jicho zima.

"Sasa mwanangu, Baba Yetu unaiacha wapi?"

Kweli nilikuwa naiacha. Nilikuwa natoka Salamu Maria naingia Salamu Maria, tangu zamani, hata kabla ya mkonge, kwa sababu katikati ya Baba Yetu kuna mahali nisipopaweza. Pale pa kusamehe waliotukosea. Na kwa sababu hiyohiyo nilikuwa sijakomunika miaka miwili. Padre akija kambini mwisho wa mwezi, wenzangu wanapanga mstari wa kuungama, mimi nakwenda kisimani kuteka maji ambayo hakuna aliyeniagiza.

Tuliketi juu ya tita nikamweleza. Wewe ulikuwepo, Mama, lakini sikiliza nilivyomweleza, ili ujue nilikuwa nimebeba nini. Nilimwambia Baba aliugua, tukaona anakwenda, tukamtuma Ponsiano misheni amlete Padre ampe mpako mtakatifu. Asubuhi na mapema. Nilimwambia nilisimama mlangoni kutwa nzima natazama njia, na kaka yangu akafika na Padre jioni, Baba amekwisha kupoa. Nilimwambia alisema neno moja tu: "Mvua." Na mimi nikamjibu mbele ya ukoo mzima kwamba mvua haijapata kumzuia mtu mwenye moyo, kwamba ameiua roho ya Baba yake. Kisha nikajiandikisha kwa wakala wa mashamba, nikapanda lori bila kumuaga.

Mzee Anselmu hakunihubiria. Alisema tu, "Mzigo mkubwa huo kwenda nao mbali hivi." Akaenda kutafuta majani kwa mwingine.

Hayo yalikuwa wakati wa vuli. Kabla ya Noeli, mkewe, Bibi Paskalina, akashikwa na kichomi. Bibi huyu ndiye alikuwa akituongozea rozari Jumamosi kwenye banda la kukaushia singa za mkonge, na ndiye aliyenishonea suruali hii. Dresa wa shamba akampa dawa, akatikisa kichwa. Asubuhi saa tatu Mzee akanifuata mstarini. "Wewe una miguu. Karani amekubali kutoa baiskeli yake. Niletee Padre."

Misheni ni maili kumi na mbili. Nilikanyaga pedali kwa nguvu zangu zote, Mama, na moyoni nilikuwa nasema: leo nitaonyesha jinsi mtu anavyotumwa. Ndiyo, nilikuwa nasema na wewe, Kaka. Nusu ya njia mvua ikanijia, si mvua ya kuchezea, baiskeli ikazama mpaka kwenye mhimili. Nikakimbilia kwenye mkahawa wa Bwana Hamadi, Mdigo mmoja mtu mzima, mtu wa swala tano.

"Keti, mwanangu. Mvua hii haina adabu. Ikikatika wende."

Ndani alikuwamo msafiri mmoja na mkoba wake. Nikasikia anavyotamka maneno, nikajua. Mfipa! Mtu wa kwetu, ametoka nyumbani mwezi uleule, anakwenda kuanza kazi shamba jingine. Miaka miwili sijasikia lugha yangu mdomoni mwa mtu mzima. Nikamuuliza mvua za kwetu, ulezi, nani ameoa, nani amekufa. Alikuwa amekuona wewe, Mama, kanisani, Jumapili ya mwisho kabla hajaondoka. Akasema ulivaa kitambaa cha bluu. Nikamwambia arudie. Akarudia.

Bwana Hamadi akaja akanigusa bega. "We bwana, mvua imekatika zamani. Si ulisema una mgonjwa?"

"Naondoka sasa hivi," nikasema. Kisha nikamuuliza yule mtu swali jingine. Na jingine.

Nilifika misheni saa nane. Padre hakuchelewa hata dakika, alinipakia nyuma ya pikipiki yake na mafuta matakatifu shingoni. Tulipoingia kambini nikaona akina mama wamekaa chini nje ya chumba cha Mzee, wametulia, nikajua. Bibi Paskalina alikuwa amefariki saa moja kabla yetu. Saa moja, Mama. Mimi kwa Bwana Hamadi nilikaa mbili baada ya mvua.

Mzee akatoka. Kila mtu alikuwa ananitazama nilivyolowa, matope mpaka kiunoni, na nilijua neno moja lingetosha. Neno la Kaka. Lilikuwa mdomoni, Mama, tayari kabisa. Nikashindwa kulisema.

"Mzee," nikasema, "si mvua. Mvua ilikatika mapema. Nilikutana na mtu wa kwetu, nikakaa namuuliza habari za nyumbani."

Alinitazama, jicho zima na jicho bovu, yote mawili yana machozi. Kisha akasema:

"Na kwenu hawajambo?"

Mama, nilianguka pale chini. Mtu amefiwa na mke wa ujana wake, bila Padre, kwa uzembe wangu, naye ananiuliza habari zenu. Akaniinua, akaagiza niletewe uji. Akasema, "Usilie hivyo. Nilimsomea sala ya majuto sikioni, akaifuata mpaka neno la mwisho, na mkono wangu akaubana. Padre ni zawadi kubwa, namshukuru Mungu amekuja. Lakini huruma ya Mungu haikuja kwa baiskeli. Ilikuwa imefika asubuhi."

Kesho yake tulipozika, Bwana Hamadi alitembea maili sita kuja, amebeba shuka jeupe jipya. Akamwambia Mzee, "Mola amrehemu. Kijana wenu mimi ndiye niliyemkaribisha kiti. Kama kuna kosa, tugawane." Mzee akamshika mkono, wakasimama hivyo, kofia ya mmoja na rozari ya mwenzake. Nikasema moyoni, watu wa Mungu ni wengi kuliko nilivyofundishwa.

Tangu siku ile nimekuwa nakumbuka kifo cha Baba upya. Mama, wewe ulikuwa ndani. Ulimshika kichwa, na nilisikia sauti yako ikisema maneno polepole, na sauti yake ikifuata nyuma, nzito, mpaka ikanyamaza. Nilisikia kwa mgongo. Uso wangu ulikuwa njiani kumngoja Kaka ili nimkasirikie. Huruma ya Mungu ilikuwa imeingia ndani ya nyumba yetu, imeketi kitandani, na mimi nilikuwa mlangoni nimeipa mgongo. Kama umekuwa ukiogopa kwa ajili ya Baba, na najua umeogopa ingawa hukusema, acha kuogopa. Uliyomfanyia Baba ndiyo yale Mzee Anselmu aliyomfanyia mkewe, na yeye hana hofu hata chembe.

Nilikwenda kuungama mwisho wa mwezi uliopita. Usidhani Padre ndiye aliyenilazimisha kuandika barua hii. Yeye alinipa Salamu Maria tano tu, nikaona hata aibu jinsi zilivyo chache. Ninaandika kwa sababu nataka. Mzee amenisukia rozari mbili za katani, mafundo badala ya shanga, ninazituma na barua hii. Moja yako. Nyingine ya huyo anayesoma.

Msalimie sana Veronika dada yangu, mwambie asiolewe kabla sijarudi. Msalimie shemeji na watoto, na shangazi muuza ulezi. Mwalimu Yohani mwambie asinune, sauti yake ni nzuri, ila safari hii nilihitaji nyingine. Mkataba wangu unaisha baada ya mavuno ya kwenu, nami nitarudi.

Sasa Kaka, zamu yako. Kama umeshindwa kusoma mahali fulani hapo juu, Mama hatakuharakisha, pumzika kisha endelea. Nilikuaibisha mbele ya ukoo, juu ya mwili wa Baba, kwa kosa ambalo nami nimelifanya, tena mimi bila mvua. Nisamehe. Sitaki unieleze kilichokuchelewesha. Hata ikiwa si mvua, neno hilo nimekwisha kulimaliza. Matita yangu sasa yana majani thelathini na matatu, muulize mtu yeyote hapa kambini.

Ila kuna swali nililopaswa kukuuliza jioni ile ulipoingia mlangoni na nguo zako zinachuruzika, nikakuuliza mengine. Nakuuliza leo, unijibu kwa mkono wako mwenyewe.

Kaka, ulilowa sana?

Ni mimi, mwanao, Mama, na mdogo wako, wewe unayesoma,
Fabiani