Yaliyoipata Timu ya Kiti cha Tatu

Chumba cha Juu, Duka la Cherehani,
Mtaa wa Nyuma ya Hospitali.
Jumapili, tarehe 12, mwezi wa sita.

Mpendwa mdogo wangu Rula,

Kabla ya lolote, niambie: u mzima? Kile kifua kimetulia, au vumbi la barabara bado linakukohoza kama trekta bovu? Unakula vizuri huko kambini? Najua ukishika vifaa vyako vya kupimia ardhi unasahau hata kunywa maji. Sisi huku tu wazima, namshukuru Mungu, ingawa uzima wenyewe ni wa mwili zaidi kuliko wa moyo.

Barua yako nililetewa na dereva wa lori la saruji, bahasha ina doa la grisi upande mmoja. Nilikuwa katikati ya kushona sare za wanafunzi, nikaacha suruali ya watu ikiwa na mguu mmoja. Nimefurahi mno kusikia kambi yenu inahamia kwenye mji wenye mtandao. Mwaka mzima bila kusikia sauti yako si mchezo.

Lakini umeniuliza kama kiti chako kwenye timu bado kipo. Jibu ni kwamba timu yenyewe haipo, Rula. Afadhali ulisikie kutoka kwangu.

Unakumbuka tulivyokuwa. Watatu mnacheza: Kaka, Shangazi na wewe, na mimi mchezaji wa akiba, kazi yangu kushona jezi na kushangilia. Kila mtu na simu yake, na humo ndani karata zake thelathini za mashujaa na wanyama, anapambana na mtu wa timu nyingine asiyemjua, na timu yenye washindi wawili kati ya watatu ndiyo inayosonga mbele. Wateja wa Kaka pale kinyozini kwake walidhani ni kamari, naye akachoka kuwaeleza kwamba hapa hakuna kuweka dau. Viingilio vya mashindano na bando tulivilipa kwa mapato ya kiti cha tatu pale kinyozini, kile cha karibu na dirisha, ndiyo maana tukajiita hivyo. Mteja akikaa pale, Kaka alimwambia, "Leo kichwa chako kinacheza karata."

Ulipoondoka, tukakuta huko kambini hakuna mtandao, nikaingia mimi nafasi yako. Sikuwa mzuri kama wewe, lakini nilijikaza kisabuni, na Shangazi alinibeba. Unamjua. Goti lile limemfungia ndani tangu alipostaafu ukunga, lakini kichwa chake hakijastaafu. Anatumia kila sekunde anayoruhusiwa, anazitazama karata kama anayesikiliza mapigo ya mtoto tumboni, halafu anatoa moja tu, na mpinzani anabaki mdomo wazi. Kwa namna hiyo tukapanda ligi ndogo mbili mfululizo.

Hapo ndipo Kaka alipopata homa ya ligi kuu. Ligi kuu haichezwi kwa mapato ya kiti kimoja. Inataka simu zisizoganda, mtandao usiokatika, na kiingilio cha kukuumiza kichwa. Shangazi alisema, "Hata ligi ya bure ina watu." Kaka akacheka tu.

Mdhamini tulimpata palepale kinyozini. Ni yule mwenye maduka ya simu, mtu mstaarabu, sitaki umfikirie vibaya. Siku hiyo alikuwa kwenye kiti, shavu moja limenyolewa na jingine limejaa povu, Kaka anamweleza habari zetu huku wembe mkononi. Shangazi tulikuwa tumemleta kwa teksi, amekaa kwenye benchi la wateja, goti juu ya kigoda. Mwenye duka akasikiliza, kisha akauliza kitu ambacho sisi wenyewe hatukuwahi kuulizana.

"Hebu niambieni. Timu hii ni ya kazi gani?"

"Ya kushinda," akasema Kaka, hata hakupepesa jicho.

"Ya kujuliana hali," akasema Shangazi. "Karata ni kisingizio. Mtoto wetu alikuwa anakwenda mbali, tukatafuta mahali pa kukutana kila Jumamosi. Sasa na mimi siwezi kutoka, naona tulitafuta vizuri."

Mwenye duka akanigeukia. Nikasema ni ya vyote viwili, jibu la mtu asiyetaka kumuudhi yeyote.

Akacheka, povu likamdondokea kwenye shati. "Shangazi," akasema, "maneno yako yamenigusa, kweli. Lakini mimi nauza simu. Kujuliana hali siwezi kukuwekea bango. Kushinda naweza."

Wakapeana mikono, yeye na Kaka. Tukapata simu mpya, mtandao wa waya uliovutwa mpaka kinyozini, na kiingilio. Na sisi tukaacha jina letu, tukabeba jina la duka kifuani. Nilizifumua herufi za zamani mwenyewe kwenye jezi zote, uzi kwa uzi, nikashona mpya. Na jioni tatu kila wiki tulitakiwa kucheza mbele ya kamera, watu watutazame moja kwa moja.

Kwenye kamera ndipo Shangazi alipoponzwa. Si kwamba alicheza vibaya. Alikuwa akicheza kutoka nyumbani, picha yake pembeni ya kioo, na katikati ya pambano anamsalimia mtazamaji mmojammoja. "Na wewe uliyeandika hapo, mafua yamepona?" Mimi niliipenda sana. Lakini mwenye duka alikuja na karatasi yenye michoro inayopanda na kushuka, akamwonyesha Kaka: kila Shangazi akianza kufikiri, watazamaji wanaondoka. Akasema kuna kijana mmoja, jina lake la mchezoni ni Umeme, yuko tayari kuchukua nafasi hiyo.

Nilimwambia Kaka akatae. Akaniambia, "Dada, tumefika hapa kwa jasho. Unataka turudi kwenye kiti kimoja?" Nilimwambia ndiyo, nataka. Akawasha mashine ya kunyolea, na ikinguruma ile hakuna anayemsikia mwenzake.

Tulikwenda wote wawili kwa Shangazi. Jezi yake ilikuwa imeanikwa kwenye kamba ya dirishani, inadondosha maji. Kaka alizunguka maneno weee, mpaka akafika kwenye neno alilokuwa ameliandaa: Shangazi atakuwa mshauri wa timu.

"Mshauri anakaa wapi?" akauliza Shangazi.

"Nyumbani, Shangazi. Apumzike."

"Nyumbani nipo tayari. Hicho cheo ninacho tangu goti liharibike."

Kaka akainamisha kichwa. Shangazi hakumgombeza, na nadhani angemgombeza ingekuwa afadhali. Alimuuliza habari za watoto, akamuuliza kama mgongo unamuuma kwa kusimama kutwa. Tulipoinuka ndipo akasema, "Jezi nitawapeni ikikauka."

Haikuja. Na hakuna aliyethubutu kwenda kuidai.

Umeme alikuwa kama jina lake. Anatupa karata kabla mpinzani hajavuta pumzi, na watu wakajaa kututazama. Tukashinda, tukashinda tena. Sitamsema vibaya, alikuja kazini na kazi aliifanya. Lakini miezi yote aliyokaa nasi aliniita "wewe dada wa katikati", kwa sababu ndipo nilipokaa, na pambano likiisha anabaki na vitu vyake masikioni. Jumamosi zikawa kimya. Siku moja Kaka alishinda pambano gumu ajabu, akageuka kumtafuta wa kufurahi naye, akanikuta mimi natia uzi kwenye sindano. Uso ulimshuka, Rula. Sijausahau ule uso.

Kisha biashara ya mwenye duka ikayumba. Alifunga duka moja, halafu la pili. Alikuja mwenyewe kutueleza, hakutuma mtu, na bango lake pale kinyozini alilibandua kwa mikono yake, akatuomba radhi kama amefiwa. Simu akatuachia. Umeme akapata timu nyingine wiki hiyohiyo, akatuaga kwa ujumbe mfupi wenye alama ya kidole gumba.

Tukabaki wawili na pambano moja la mwisho kwenye ratiba. Kanuni inaruhusu wawili kucheza, ila kiti kilicho wazi kinahesabiwa mmeshindwa. Wapinzani wetu walikuwa timu iliyotoka chini bila mdhamini yeyote, inaitwa Zamu ya Usiku. Ni wauguzi, wanalipa kiingilio kwa kuchangishana wakati wa mapumziko ya chai. Jumamosi mchana tukakaa kinyozini, mlango umefungwa, pazia limeshushwa. Orodha ikafunguka, na mpinzani wa Kaka akawa mtu anayejiita Mkunga.

Karata ya kwanza ilichukua sekunde zote zinazoruhusiwa. Ya pili vilevile. Kaka akaweka simu chini, akaniangalia.

"Ni yeye," akasema.

"Ni yeye," nikasema.

Nilidhani atajiachia ashindwe. Hakufanya hivyo, na nadhani hiyo ndiyo heshima pekee aliyomfanyia mwaka huu. Alicheza kwa nguvu zake zote, na Shangazi akamfunga taratibu, mlango kwa mlango, mpaka hakuwa na pa kutokea. Mimi mtu wangu nilimshinda, lakini haikusaidia kitu.

Sasa, wewe unajua mchezo ule hauruhusu kumwandikia mpinzani neno lako mwenyewe. Unabonyeza tu maneno yaliyokwisha kuwekwa: Habari, Asante, Umecheza vizuri, Samahani. Hiyo Samahani watu huibonyeza wakichelewa kutoa karata. Kaka aliibonyeza kabla kioo hakijazima. Akaibonyeza tena, na tena, mpaka mchezo ukamzuia. Akasubiri jibu. Halikuja.

Wiki iliyofuata nilipiga moyo konde nikaenda kwa Shangazi. Nilimkuta amenenepa kidogo, mchangamfu, simu yake inalia kila mara, wauguzi wanamuuliza hili na lile. Nikamuuliza kama aliona alichoambiwa na Kaka mwisho wa pambano.

"Aliniambia kitu? Mimi wapinzani wote nimewazima midomo tangu siku ya kwanza. Wananipigia makelele ninapofikiri."

Nikamweleza kwamba alisema samahani.

Alilikanda goti. "Kwa kubonyeza," akasema. "Yeye miguu yake ina nini? Mgonjwa wa goti si mimi?"

Nilimfikishia Kaka maneno hayo kama yalivyo. Alikuwa anafagia nywele. Akafagia mahali palepale palipokuwa pameshakuwa safi, akasema, "Nitakwenda." Kutoka kinyozini mpaka kwa Shangazi ni kuvuka barabara na kupita ukuta wa hospitali. Mpaka leo ninapoandika hajakwenda. Si kiburi, Rula. Anaona aibu, na kila siku inayopita inamwongezea nyingine. Jumamosi anafungua duka kama kawaida, na wateja wakikaa kiti cha tatu anawanyoa bila utani.

Basi, kuhusu wewe. Shangazi aliniuliza habari zako kabla sijakaa vizuri. Kwenye Zamu ya Usiku kuna muuguzi anakwenda likizo ya uzazi, na nafasi yake Shangazi ameizuia, hataki kuwapa wengine mpaka akusikie. Ukifika penye mtandao mpigie yeye kwanza. Cheza naye. Usinionee haya wala usimwonee haya Kaka. Tulianzisha yale mambo ili wewe usiwe peke yako Jumamosi, na sasa mwenye kukupa hilo ni yeye.

Na mimi alinikaribisha, niwe wa akiba kama zamani. Nilimshukuru, nikakataa. Nikienda huko Kaka atabaki na vioo vyake tu, na mimi ndiye dada yake. Nilipokataa Shangazi aliniangalia, akasema, "Vizuri." Sijui alikuwa anaumia au anafurahi.

Shemeji yako mke wa Kaka anakusalimu sana, na watoto wanauliza kama barabara yako imefika mwisho. Baba Mdogo anasema umtumie picha ukiwa umenyoa hizo ndevu. Dereva wa lori naye anadai umsalimie mpishi wenu, sababu anaijua mwenyewe.

Jambo la mwisho. Mapambano ya ligi yanaweza kutazamwa na mtu yeyote ndani ya mchezo wenyewe, hata bila kamera, lakini majina ya wanaotazama hayaonekani, inaonekana idadi peke yake pembeni ya kioo. Timu ya wauguzi haina mashabiki. Siku utakayoanza kucheza na Shangazi, tupia jicho pale pembeni. Ukiona wawili, ni sisi. Kaka ndiye aliyeniomba nikuandikie hivyo, na ameniomba nisimwambie Shangazi.

Mungu akulinde kazini, akupe afya na usingizi mwema, akurudishe kwetu ukiwa salama.

Dada yako asiyechoka kukupenda,
Fundi Cherehani.